Moyo, Bunju na Mchungu: Stima ya Seli za Moyo Inatoka Wapi

Wavuvi wa Kibajuni wa zamani, enzi ambazo kuchinja kasa hakujapigwa marufuku, walilijua jambo hili bila kulisomea popote: moyo wa kasa ukishatolewa kifuani na kuwekwa kando hauachi kupiga papo hapo. Unaweza kuendelea kwa saa kadhaa. Hakuna ubongo unaouamrisha wala mshipa wa fahamu ulioungana nao, damu imeshamwagika, na bado unajikaza na kulegea. Moyo wa binadamu hauvumilii kukosa hewa kiasi hicho, lakini kanuni ni ileile. Moyo unaopandikizwa hospitalini hukatwa mishipa yake yote ya fahamu, na ukishawekwa kwenye kifua kipya na kupitishiwa damu huanza kupiga wenyewe.

Kwa hiyo mzee wa Lamu aliyetoka kupimwa "stima ya moyo" akiuliza barazani, "Mwanangu, hiyo stima yatoka wapi, na waya uko wapi?", swali lake ni la haki. Waya hakuna. Stima ya moyo ni chumvi.

Katika nyaya za nyumbani kinachotembea ni elektroni. Mwilini kinachotembea ni ioni, yaani chembe za chumvi zilizoyeyuka majini zikabaki na chaji: sodiamu na potasiamu zina chaji chanya moja moja, kalsiamu ina mbili. Wala haziendi mbali. Safari yao ni kuvuka utando wa seli, wenye unene wa nanomita tano hivi, kuingia ndani au kutoka nje. Sehemu kubwa ya elimu ya umeme wa moyo ni habari ya kuvuka huko: nani anavuka, lini, kupitia mlango gani. Nitaieleza kwa msaada wa vitu vitatu vya pande zetu za Lamu na Malindi, yaani samaki bunju, dafu na mti wa mchungu, kwa kuwa kila kimoja hugusa kipande chake cha mtambo huu, na kazi ya kipande huonekana vizuri kikivurugwa.

Tuanze seli ikiwa imetulia. Chukua seli ya msuli wa chumba cha chini cha moyo, kile kinachosukuma damu kwenda mwilini. Ndani yake mna potasiamu nyingi, kama milimoli 140 kwa lita (milimoli ni kipimo cha wingi wa chembe), ilhali kwenye majimaji yaliyo nje yake imo 4 tu. Sodiamu ni kinyume chake: nje 140, ndani kama 10. Kalsiamu ndiyo inayoshangaza zaidi, kwani ndani ya seli iliyotulia ni pungufu kuliko nje kwa kiasi cha mara elfu kumi.

Tofauti hizi hazikujileta. Zinalindwa usiku na mchana na pampu iliyopachikwa kwenye utando, ambayo kila mzunguko hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, ikilipia kazi hiyo kwa nishati ya chakula. Jens Christian Skou wa Denmark aliitambua mwaka 1957 akichunguza neva, yaani mishipa ya fahamu, za miguu ya kaa, na mwaka 1997 akapewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia. Wengi husoma habari ya pampu hii wakadhani ndiyo inayopiga moyo. Sivyo. Pampu huweka akiba. Mpigo hutumia akiba hiyo, na kila mpigo hutumia sehemu ndogo mno. Jambo hili litatufaa tukifika kwenye mchungu.

Sasa milango. Utando wenyewe ni wa mafuta, na ioni haipiti kwenye mafuta. Hupita kwenye protini zilizotoboa utando, na kila aina ya protini huchagua ioni yake. Seli ikiwa imetulia, milango iliyo wazi kwa wingi ni ya aina moja ya potasiamu. Potasiamu imejaa ndani, nje ni chache, kwa hiyo hutoka. Kila inayotoka huondoka na chaji chanya, na ndani hubaki hasi zaidi na zaidi, mpaka uhasi huo uanze kuivuta potasiamu irudi kwa nguvu ileile inayoisukuma nje. Mizani hiyo hufikiwa ndani ya seli pakiwa na takriban milivolti 90 hasi kuliko nje. Tarakimu hiyo huonekana duni, lakini igawanye kwa unene wa utando: ni kama volti milioni 18 kwa mita. Protini zilizosimama ndani ya nguvu kama hiyo hubadilika umbo volti ikibadilika kidogo tu, na ndiyo maana milango mingine inaweza kufunguliwa na volti yenyewe.

Mlango wa sodiamu ni mmoja wao, na ndio wenye hasira kuliko yote. Ndani ya seli pakipanda kutoka 90 hasi hadi karibu 70 hasi, hufunguka. Sodiamu iliyojaa nje, ikisukumwa na wingi wake na kuvutwa na uhasi wa ndani, huingia kwa kishindo. Inapoingia, volti hupanda zaidi, milango mingine ya sodiamu hufunguka kwa sababu hiyo, na katika milisekunde moja au mbili ndani ya seli pameshafika milivolti 20 au 30 chanya. Halafu kinatokea kitu ambacho vitabu vingi hukipita haraka, nami naona ndicho kiini: mlango una kizuizi cha pili, ambacho hujifunga chenyewe karibu mara tu baada ya kufunguka kile cha kwanza. Kikishajifunga hakifunguki tena, hata volti ibaki juu vipi, mpaka seli irudi chini kwenye utulivu wake.

Hapa bunju ana la kutufundisha. Kila mvuvi wa Pwani anajua kuwa samaki huyu anayejijaza akawa kama mpira haliwi, na anayemla hujaribu bahati. Sumu yake, tetrodotoksini, hutengenezwa na bakteria, na samaki huikusanya hasa kwenye ini, mayai na ngozi. Kuchemsha hakuiui, kukaanga hakuiui, kumkausha samaki juani pia hakuiui. Kazi yake ni moja: huziba mdomo wa mlango wa sodiamu kwa nje, kama kizibo. Aliyekula huanza kufa ganzi midomo na ulimi, kisha viungo vinalegea, na mwishowe misuli ya kupumua inanyamaza. Mara nyingi akili yake iko timamu muda wote huo, ila hawezi kusema wala kusogea.

Lakini ukimshika mkono, mapigo yapo.

Jambo hili liliwasumbua wataalamu kwa muda, kwa sababu seli za moyo nazo hutegemea mlango wa sodiamu. Ufumbuzi ulikuja mwaka 1992: mlango wa moyo si mlango uleule wa neva na misuli ya viungo. Ni wa ukoo mmoja, kazi yao ni moja, lakini kwenye mdomo wake asidi-amino moja, yaani moja ya vipande vidogo vinavyojenga protini, imebadilishwa na nyingine, na kwa sababu ya mabadiliko hayo tu sumu haishiki vizuri. Kuuziba mlango wa moyo kunahitaji sumu nyingi zaidi ya mara mia. Aliyekula bunju, basi, kwa kawaida huuawa na kukosa pumzi, moyo wake ukiwa bado unafanya kazi, ingawa sumu ikiwa nyingi sana shinikizo la damu nalo huporomoka. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Kinachookoa ni mtu kupumuliwa kwa mashine, au kwa mdomo njiani, mpaka sumu itoke mwilini, na huenda ikachukua siku moja au zaidi. Kwa watu wa visiwani, ambao hospitali yao iko upande wa pili wa maji, nadhani hili lapaswa kujulikana kuliko jina la sumu: mgonjwa wa bunju asiyepumua bado hajafa.

Kizuizi cha pili cha mlango wa sodiamu ndicho kinachoeleza habari ya dafu. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi. Mwenye figo nzima anakunywa, figo zinaitoa ziada kwenye mkojo, basi. Lakini mgonjwa anayekwenda kusafishwa damu kwa mashine huambiwa aache madafu, na mara nyingi haelezwi kwa nini, akaona ni masharti tu ya hospitali. Sababu ni hii. Potasiamu ya kawaida katika damu ni kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita. Figo zikishindwa na ikapanda hadi 8, mvuto wa kuitoa potasiamu ndani ya seli hupungua, na seli haishuki tena hadi 90 hasi. Hutulia kwenye 70 na kitu hasi. Mtu angedhani ni nafuu, maana sasa iko karibu zaidi na kiwango cha kufungukia. Shida ni kile kizuizi. Kinahitaji seli ishuke chini kabisa ndipo kijifungue, na seli sasa haishuki. Milango mingi ya sodiamu hubaki imefungwa, mpigo unapanda taratibu badala ya kuruka, umeme unatambaa moyoni badala ya kukimbia, na mwisho moyo unasimama. Ndiyo maana daktari akikutana na hali hiyo huanza na sindano ya kalsiamu kwenye mshipa. Kalsiamu haipunguzi potasiamu hata kidogo. Hutuliza utando tu, ili upatikane muda wa kuiondoa potasiamu kwa njia nyingine.

Mpaka hapa seli ya moyo haijatofautiana sana na neva. Katika neva mpigo wa umeme huisha kwa milisekunde moja au mbili: sodiamu inaingia, potasiamu inatoka, kwisha. Katika seli ya moyo volti hushuka kidogo halafu inakataa kushuka, ikabaki juu karibu na sifuri kwa milisekunde 200 au zaidi. Kinachoishikilia juu ni kalsiamu, inayoingia polepole kupitia milango yake yenyewe wakati potasiamu inatoka polepole, moja ikifuta kazi ya nyingine. Ucheleweshaji huu si bure. Wakati huo wote milango ya sodiamu imejifunga, na seli haiwezi kuchokozwa upya. Msuli wa mguu ukichokozwa mfululizo hukakamaa, na kila aliyewahi kuogelea akashikwa na mguu anayajua maumivu yake. Msuli wa moyo haukakamai hivyo, kwa sababu umeme wa mpigo mmoja hudumu karibu sawa na mkazo wenyewe, na haujamaliza kabla msuli haujaanza kulegea.

Kalsiamu hiyohiyo ndiyo inayogeuza umeme kuwa nguvu. Kiasi kidogo kinachoingia kupitia utando huamsha maghala ya kalsiamu yaliyomo ndani ya seli yamwage kiasi kikubwa zaidi, na hiyo kalsiamu ya ghalani ndiyo inayofanya nyuzi za msuli zivutane. Umuhimu wake uligunduliwa karibu kwa bahati. Sydney Ringer, daktari wa London, alikuwa akiufanya moyo wa chura upige kwenye maji yenye chumvi. Katika ripoti yake ya mwaka 1883 alieleza kwamba majaribio yaliyofaulu yalikuwa yametumia maji ya bomba. Yalipotengenezwa kwa maji safi yaliyotoneshwa, moyo uliacha kupiga. Kilichokuwemo kwenye maji ya bomba kilikuwa kalsiamu. Mtu wa Lamu, anayetofautisha kwa ulimi maji yaliyotoka Shela na ya kisima cha mjini, hataona ajabu kuwa maji si maji tu.

Mpigo humalizwa na milango mingine ya potasiamu inayofunguka kwa kuchelewa na kuirudisha seli chini. Hapa napita haraka, ila niseme kwamba mmoja wa milango hiyo ni dhaifu mbele ya dawa nyingi. Halofantrini, dawa ya malaria iliyowahi kutumika sana Afrika, ilikuwa ikiuziba, mpigo ukarefuka kupita kiasi, na baadhi ya watu wakapatwa na mapigo ya hatari. Dawa mpya siku hizi hupimwa dhidi ya mlango huo kabla ya kuruhusiwa.

Nani basi huanzisha? Seli niliyoieleza hukaa kwenye 90 hasi milele kama haijaguswa. Lakini juu ya chumba cha juu cha kulia, karibu na mahali mshipa mkuu wa damu unapoingilia, pana kifundo kidogo cha seli zisizojua kutulia. Arthur Keith na Martin Flack walikieleza mwaka 1907. Seli zake zikishuka hushuka hadi 60 hasi hivi tu, na zikifika hapo hufunguka milango ya ajabu, inayofunguliwa na volti kushuka badala ya kupanda, ikaruhusu sodiamu kupenya kidogo kidogo. Volti inapanda polepole, milango ya kalsiamu inafunguka, seli inapiga, inashuka, inaanza tena. Kifundo hiki kikiachwa peke yake hupiga kama mara 100 kwa dakika. Mishipa ya fahamu ndiyo inayokizuia kikawa 60 au 80 tukiwa tumepumzika, na ndiyo maana aliyepandikizwa moyo, uliokatwa mishipa hiyo, huwa na mapigo ya kasi hata akiwa amelala. Mwaka 1979 Hilary Brown, Dario DiFrancesco na Denis Noble walionyesha kuwa adrenalini huharakisha moyo kwa kuichochea milango hiyo ya ajabu. Mlaji wa miraa anayesikia moyo unakwenda mbio alfajiri anaisikia milango hiyo: miraa humwaga mwilini kemikali za jamii ya adrenalini.

Kutoka kwenye kifundo, umeme husambaa seli hadi seli. Anayezijua nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kale mjini Lamu, anaijua wikio, kile chumba cha daraja kinachopita juu ya mtaa na kuunganisha nyumba mbili za ndugu, wenyewe wakaenda na kurudi bila kushuka njiani. Seli za moyo zimeunganishwa vivyo hivyo, kwa vijia vya protini vinavyotoka ndani ya moja hadi ndani ya jirani yake. Ioni hupita humo bila kutoka nje, na seli moja ikiamka humwamsha jirani. Kati ya vyumba vya juu na vya chini kuna kifundo kingine kinachochelewesha umeme kama sehemu ya kumi ya sekunde, ili vya juu vimalize kumwaga damu, halafu nyuzi za Purkinje, ambazo ni nyuzi maalumu za kupitisha umeme, huusambaza kwa kasi chumba kizima cha chini. Kipimo cha ECG kinachochukuliwa kifuani, ile "stima ya moyo" aliyopimwa mzee wetu, ni mwangwi wa mamilioni ya seli hizi kwa pamoja. Ukifika kwenye ngozi umebaki milivolti moja hivi, ilhali ndani ya seli volti imebadilika kwa zaidi ya 100.

Sasa mchungu. Ni mti wa kawaida tu kwa kuutazama, wa jamii ya Acokanthera. Wengine huuita msunguti. Waata, wawindaji wa bara ya Malindi kuelekea Tsavo, walichemsha mbao na magome yake hadi yawe kama lami, wakayapaka kwenye mishale ya pinde zao ndefu, wakaangusha ndovu, zamani kabla uwindaji haujapigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Kuna panya mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu mgongoni, anayetafuna magome yake na kujipaka mate yenye sumu ubavuni. Mbwa anayemng'ata hujuta, kama bado yu hai. Mfaransa Arnaud aliitenga sumu hiyo mwaka 1888, nayo ni uabaini. Ikiliwa haifyonzwi vizuri tumboni, na ndiyo maana nyama ya mnyama aliyepigwa mshale iliweza kuliwa. Ikiingia kwenye damu ni habari nyingine.

Uabaini huziba ile pampu ya Skou. Ungetarajia akiba iishe na moyo uzimike kama taa isiyo na betri. Haiwi hivyo, kwa kuwa akiba ni kubwa na kila mpigo hutumia kidogo. Kinachotokea ni cha mzunguko zaidi. Sodiamu inaanza kujikusanya ndani ya seli. Kuna protini nyingine kwenye utando, ambayo kazi yake ni kubadilishana: huingiza sodiamu tatu ili kutoa kalsiamu moja. Sodiamu ikiwa imejaa ndani, biashara hiyo inadorora, na kalsiamu inabaki. Maghala ya ndani yanaichukua na kujaa, na mpigo unaofuata humwaga nyingi zaidi: moyo unakaza kwa nguvu kuliko kawaida. Sumu ikizidi, maghala yanafurika na kumwaga kalsiamu bila kuitwa, katikati ya mapumziko. Ile protini ya kubadilishana inakurupuka kuitoa, na kwa kuwa inaingiza chaji tatu na kutoa mbili, kila mzunguko huacha chaji chanya moja ndani. Volti inapanda. Ikifika kiwango cha mlango wa sodiamu, seli inapiga bila kutumwa. Seli nyingi zikifanya hivyo kila moja kwa wakati wake, chumba cha chini kinatetemeka tu na hakisukumi damu.

Ile hatua ya kwanza, ya moyo kukaza kwa nguvu zaidi, ndiyo iliyofanya ndugu wa sumu hii awe dawa. Mwingereza William Withering alichapisha mwaka 1785 namna ya kutibu uvimbe wa maji kwa majani ya mmea wa digitalisi. Digoksini ya leo inatoka kwenye jamii hiyo ya mimea, huziba pampu ileile, na bado hupewa wagonjwa wenye moyo dhaifu. Kipimo kinachotibu na kinachodhuru havipishani sana.

Na potasiamu inaingilia hapa pia. Hushindana na digoksini mahali pa kujishikiza kwenye pampu, kwa hiyo potasiamu ikipungua katika damu, kidonge kilekile kinakuwa kikali zaidi. Wenye moyo dhaifu mara nyingi hupewa vilevile dawa za kukojoza, na nyingi kati ya hizo humwaga potasiamu mkojoni. Ndipo unapoweza kukuta kwenye benchi moja la kliniki mama wawili, mmoja wa digoksini anashauriwa asiache ndizi na madafu, wa pili wa figo anakatazwa hayohayo, wote wakidhani mmoja wao kaambiwa visivyo. Mwenye digoksini na figo mbovu kwa pamoja ndiye mgumu kuliko wote, naye asikate shauri kwa kumwangalia jirani, apimwe damu.